Salama, Ila

Kwetu mtu haanzi na ubaya. Ukimwuliza habari atakujibu salama, na ukimwuliza za nyumbani atakujibu salama, hata kama ametoka nyumbani paa linawaka. Mabaya yana mahali pake, nayo huja baada ya neno ila. Siku aliyofariki mume wangu, Suleiman, nilimtuma jirani aende Gazi akamwambie wifi yangu. Wakasalimiana mlangoni kama desturi. Habari za huko? Salama. Za Tumu, yaani mimi? Salama. Mtoto? Salama, wote hawajambo, ila kaka yako tunamzika alasiri. Wifi yangu hakumwona jirani yule kuwa mwendawazimu, wala hakumkasirikia. Alikuwa ameisikia ile ila kabla haijatamkwa, kwa sababu hakuna mtu anayefunga safari asubuhi na mapema kuja kusema salama peke yake.

Watu wa bara hawana subira hiyo. Wao wakisikia salama, wamemaliza. Nayasema haya mapema kwa kuwa ndiyo yaliyotuponza.

Mimi nakaanga viazi vya karai na bajia kando ya njia ya vumbi inayotoka kwenye lami kuja kijijini kwetu, kati ya Gazi na Msambweni. Mungu alinijalia mtoto mmoja tu, Farhan, naye ni mwanajeshi, yuko huko mpakani ambako hata jina la kambi mama mtu haambiwi. Mshahara wake ndio uliojenga nyumba yetu ya mawe. Ina vyumba vitano. Nilipomwuliza vyote hivyo vya nini, aliniambia, "Mama, mimi nimekua peke yangu, nikicheza na kuku. Wanangu hawatacheza na kuku." Basi vyumba vitatu vya nyuma vikakaa vitupu vikingojea watoto, na hadi mwaka huu aliyekuwepo ni Ikram tu, mtoto wake wa kwanza, ambaye hulala na mimi.

Mkaza mwanangu, Bushra, alipopata mimba ya pili tulifurahi na tukaogopa kwa pamoja. Ya kwanza alikwenda kuzalia kwao Ramisi, kama desturi, na nusura tumpoteze. Alitoka damu mpaka midomo ikawa myeupe. Aliyesema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, nadhani alikuwa mwanamume.

Zahanati tunayo, sitaki kusema uongo. Ilifunguliwa kwa ngoma na hotuba, utepe ukakatwa, tukala pilau. Ina wodi ya kujifungulia yenye vitanda viwili ambavyo magodoro yake hadi leo yamo ndani ya plastiki. Nguzo ya umeme imesimama uani lakini waya haukuingia ndani. Muuguzi ni mmoja, Ngina, Mkamba aliyekulia Taru, binti mwenye moyo mwema na mdomo mkali, nami kwa sababu hiyo nampenda. Yeye ndiye wa chanjo, wa vidonda, wa kifua kikuu, wa wajawazito. Akiitwa mkutanoni, mlango hutiwa kufuli.

"Bushra, wewe usijaribu kuzalia hapa," Ngina alimwambia mbele yangu. "Ile dawa ya kuzuia damu inataka kukaa kwa baridi. Friji yangu haina stima, naweka viatu ndani. Mwezi wa mwisho enda ukae Msambweni, karibu na hospitali."

Tukakubaliana atakwenda kukaa kwa binamu yangu Twaiba, huko Msambweni, mwezi wake ukikaribia. Lakini mimi jambo lile lilinikera. Msidhani nalia kama mtu anayeomba sadaka. Mimi nalipa kodi. Mafuta ya kukaangia yana kodi, sabuni ina kodi, salio la simu lina kodi, na hata mwanangu akinitumia senti mbili kwa simu, kuna kipande kinachobaki njiani. Serikali imo ndani ya karai langu kila asubuhi, na wala hainisaidii kukoroga.

Basi masika yalipokuwa yameshika, ikatangazwa msikitini, na Jumapili ikatangazwa kanisani, kwamba kamati moja inakuja kutoka Nairobi. Ingekaa Msambweni kusikiliza wananchi wanataka kodi yao ifanyiwe nini, iongezwe wapi na ipunguzwe wapi, jeshini au kwingine. Mgeni njoo, mwenyeji apone, tukasema. Kila kijiji kilitakiwa kitoe msemaji. Wanawake walinitaka mimi, nikakataa.

"Nina mtoto huko," niliwaambia. "Nikisimama kusema fedha za bunduki ziletwe zahanati, halafu mwanangu apungukiwe na kitu siku ya siku, nitalala vipi?"

Wakamchagua shemeji yangu, Mwinyihaji. Kosa letu lilianzia hapo. Mwinyihaji ana maneno matamu, na kijijini kwetu akienda kumposea mtu mke, harudi mikono mitupu. Tulipeleka mshenga mahali palipotaka mgomvi.

Farhan alipiga simu siku moja kabla ya mkutano. Hupiga anapopata mtandao, na mtandao wa kule, Mungu ausamehe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za nyumbani?"

Nikamweleza ya kamati. Nikamwuliza waziwazi, "Mimi sisemi, nakwenda kusikiliza tu. Lakini wakiniuliza, jeshi au zahanati, niwajibu nini?"

Alicheka. Kisha akaacha kucheka. "Sema ya Bushra, mama."

"Na wewe je?"

"Mimi salama," akasema, na kabla sijasikia kama ina ila au haina, simu ikakatika. Nilikaa na simu ile sikioni kwa muda, naongea na hewa.

Ukumbi wa Msambweni ulijaa. Mvua ilikuwa inapiga bati, viti vya plastiki vimepangwa, na mbele kwenye meza ndefu walikaa wageni na chupa zao za maji. Mwenyekiti alikuwa bwana mnene mwenye uso wa upole, na kando yake binti mmoja karani akipiga chapa kila neno kwenye kompyuta. Kila msemaji alipewa dakika tatu. Zikiisha, kuna kengele ya mezani, ile ya kuitia watumishi hotelini, mwenyekiti huigonga.

Mwinyihaji aliitwa. Kanzu yake ilikuwa imepigwa pasi hata ukiiangalia unajiona mchafu. Akaanza kwa bismillahi. Akawasalimia wageni kwa salamu za dini, akawarudia wasio wa dini kwa salamu zao, akawapa pole ya safari na pole ya mvua. Akauliza habari za Nairobi. Mwenyekiti hakujua kama anatakiwa kujibu, akasema, "Poa, mzee. Kuja kwa point."

"Inshallah, naja huko huko," akasema Mwinyihaji, na mimi nikaanza kuona kiza. "Nasi hapa kwetu tu salama. Wazee salama. Mashamba, alhamdulillahi, salama. Skuli salama. Zahanati ile mliyotujengea, twashukuru, salama. Na sisi pia tumetoa chetu, tumetoa hata mwanajeshi wa kulinda nchi hii, na mamake ndiye yule pale, mwenye leso ya manjano." Watu wakageuka kunitazama. Mwinyihaji akainua kidole, akashusha sauti kama afanyavyo anapokaribia kutaja mahari. "Ila."

Kengele ikalia.

"Asante sana, mzee," mwenyekiti akasema. "Muda imeisha. Ni vizuri kusikia huku kwenu watu wako sawa."

Na yule binti akapiga chapa. Nilimwona kwa macho yangu, vidole vikicheza, anaandika salama, salama, salama. Mwinyihaji alibaki amesimama na kidole chake juu. Nilipata hasira ambayo sijaipata tangu siku mbuzi wa jirani alipokula unga wangu wa bajia. Nilijikuta nimefika mbele, nimekwisha kumnyang'anya shemeji yangu kipaza sauti, mimi niliyeapa sisemi.

"Ila!" nikasema.

Ukumbi ukaangua kicheko, kisha ukanyamaza kwa aibu, maana mwanamke mzima alikuwa ameanza maneno bila salamu. Sikujali. Niliwaeleza friji ya viatu. Niliwaeleza magodoro ya plastiki, nguzo isiyo na waya, Ngina mmoja na kufuli yake, na mkaza mwanangu ambaye miezi yake inasonga na ambaye tunamhamisha kijiji kizima kwa ajili ya sindano moja. Hata mvua ilipungua, au mimi ndiye niliyekuwa siisikii.

Mwenyekiti alinisikiliza vizuri, sitamnyima haki yake. Kisha akasema, "Mama, hiyo ya zahanati ni ya kaunti. Sisi ni serikali kuu."

"Na hizo fedha za kaunti zatoka wapi, kama si kwenye kapu hilo hilo lenu?"

Watu wakaguna kwa kukubali. Mwenyekiti akaegemea meza. "Haya, tuseme ni kapu moja. Ndiyo maana tumekuja hapa. Kapu halijai, mama. Tukiongeza afya, lazima tupunguze mahali. Na security ndiyo inabeba mzigo mkubwa. Wewe, mzee amesema uko na kijana kwa jeshi. Sasa niambie wewe mwenyewe, tupunguze huko kwa kijana tupeleke kwa zahanati? Yes ama no."

Sikuwa nimekuja na jibu la swali hilo. Nilikuwa na friji na nguzo tu. Mbele yangu nikamwona Farhan ndani ya gari, kwenye barabara ya mchanga, na hakuna ajuaye nini kimefukiwa chini yake. Nikaona viatu vyake nilivyovianika uani likizo iliyopita, soli zimelika upande mmoja, kwa sababu tangu utotoni hukanyaga upande.

"Mwanangu msimpunguzie kitu," nikasema. "Msimpunguzie hata uzi."

Nikavuta pumzi. Ila yangu ilikuwa hapo, kwenye ncha ya ulimi. Lakini ukumbi mzima ulisimama na kupiga makofi. Wanawake wakapiga vigelegele, mzee mmoja akalia. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Walimpigia makofi mwanangu, na mama gani atawanyamazisha watu wanaompigia mwanawe makofi? Yalipotulia, kengele ikalia.

"Asante, mama. Huo ndio uzalendo," mwenyekiti akasema, na binti akapiga chapa.

Jibu lilinijia tukiwa njiani kurudi, ndani ya pikapu ya Mwanzia. Mwanzia ni Mkamba mwenye shamba la nanasi upande wa juu, na ndiye tunayemwendea sote gari likihitajika. Nikamgeukia Mwinyihaji, nikamwambia, "Ningemwambia hivi. Ukiwa na watoto wawili, mmoja ana njaa na mmoja ana baridi, humwulizi wa baridi kama avue shati liuzwe mwenziwe apate kula. Unamwuliza baba yao yeye amekula nini."

Mwanzia alicheka hata akasimamisha gari. Mwinyihaji hakucheka. "Kwa nini hukuyasema kule, shemeji?"

"Na wewe kwa nini hukuyasema yako?"

Hekima yangu ndivyo ilivyo, hufika wageni wamekwisha kuondoka.

Wiki chache baadaye chifu aliita baraza, akatusomea muhtasari uliorudi. Kijiji chetu kilikuwa na mistari mitatu. Wakazi wanasema hali ni salama. Wanashukuru kwa zahanati. Wanaomba jeshi lisipunguziwe fedha. Chifu akauliza kama kuna uongo hapo. Uongo haukuwepo, kila neno tulilisema wenyewe.

Juma lile lile, Bushra akiwa bado hajakwenda kwa Twaiba, alikuja hadi kwenye meko yangu asubuhi, ameshika kiuno.

"Mama, naona kama si maumivu ya mgongo."

Siku zake zilikuwa bado. Niliacha viazi ndani ya mafuta, nikamwacha jirani avitoe. Zahanati ilikuwa imefungwa. Ngina alikuwa ameitwa Kwale kwa mambo ya chanjo tangu jana yake. Nilimpigia Mwanzia, naye akamwaga mananasi yake kando ya njia akaja na gari tupu. Tulimlaza Bushra nyuma, chini ya turubai, mimi nimemshika kichwa. Mvua ilikuwa imeanza tena. Pale kwenye bonde kabla ya lami maji yalikuwa yamepita juu ya njia, gari likazama upande mmoja, na vijana wa kule wakatoka kutusukuma.

Mtoto alizaliwa hapo hapo bondeni, watu wakisukuma. Mvulana. Alilia vizuri, kwa sauti, nikamfunika kwa leso yangu ile ya manjano, na kwa muda mfupi nilidhani mambo yamekwisha.

Kisha damu. Ilikuja haina kelele. Nilimpigia Ngina, na kwenye simu akaniambia nimwekee mtoto titi, nimsugue mama yake tumbo kwa nguvu, nisiache. Nilisugua. Mikono ile inayokanda unga wa bajia kila alfajiri ilisugua hadi ikafa ganzi. Ngina alikuwa analia upande wa pili, lakini hakukata simu mpaka gari lilipochomoka bondeni na tukafika Msambweni.

Hospitalini walitupokea mbio. Sina neno baya juu yao, walimwongeza damu, wakampeleka chumba cha upasuaji, wakampigania. Jioni daktari alitoka, kijana aliyechoka, akaniketisha. Bushra yu hai, akasema. Lakini damu ilikataa kukatika, na ili asife walilazimika kumtoa kizazi. Aliniuliza kama nimeelewa. Nikamwambia nimeelewa. Nilipokwenda kunawa mikono bombani ndipo nilipolia, na nililia kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni, maana sindano yenyewe ya kuzuia damu ni ndogo, Ngina aliwahi kunionyesha kichupa chake, kinaingia ndani ya kiganja.

Farhan hakupatikana siku zile zote. Nilimtumia ujumbe kwamba Bushra amejifungua mvulana, basi. Mengine hayaandikwi.

Alipopiga, tulikuwa tumekwisha kurudi nyumbani. Bushra alikuwa amelala na mtoto kifuani. Nilitoka nikaenda kusimama kwenye kile chumba cha nyuma kabisa, kitupu, ili asisikie.

"Shikamoo, mama. Nimepata mtoto?"

"Marahaba, baba. Umepata."

"Hajambo?"

"Hajambo. Amechukua pua yako, maskini."

Akacheka. "Na Bushra?"

"Salama."

Nilimsikia anavyopumua. Upepo wa huko kwao ulikuwa unavuma ndani ya simu, na mtandao, ambao ungeweza kukatika na kuniokoa, siku hiyo ulisimama imara.

"Ila?" mwanangu akaniuliza.

Wiki zote zile, katika watu wote wale, hakuna aliyekuwa ameniuliza neno hilo. Basi nikamwambia. Nilimwambia njia, bonde, damu, na kizazi. Nikamwambia kwamba Ikram na huyu ndio wanawe, hakuna wengine watakaokuja.

Niliviangalia vile vyumba vitatu, mlango mmoja baada ya mwingine, saruji yake safi. Halafu nikasikia mtu mwingine huko aliko, sauti ya kijana wa bara, akimwuliza habari za nyumbani, "Vipi, home wako aje?"

"Salama," Farhan akamjibu.

"Sawa basi," mwenziwe akasema, na nikasikia viatu vyake vikienda zake.